Nyatiti ni ya babu, vidole ni vyangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa Gredi ya 10 hapa Kisumu. Mwalimu wetu wa Muziki ametupa kazi ya kundi: tutunge wimbo wetu wenyewe, tutumie ndani yake ala moja ya kiasili, kisha tuutengenezee video isiyozidi dakika 4. Tuko watu 5 na simu moja tu yenye kamera ya maana. Video inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo, na zile nzuri zitaonyeshwa siku ya wazazi.

Wimbo wetu unahusu gugumaji linavyofunga ziwa na kuwaacha wavuvi wamekaa ufuoni. Ala tuliyochagua ni nyatiti, kinubi cha Kiluo, kwa sababu babu yangu anayo. Alikuwa akipiga matangani huko Alego mpaka vidole vilipoanza kumsumbua. Kila likizo nilimsikiliza, na akishaondoka kwenda kuchunga ng'ombe nilikuwa naichukua polepole hadi nyuma ya nyumba. Hakuna aliyenifundisha. Ni nyuzi 8, nne nzito na nne nyembamba. Ukikaa nazo muda wa kutosha, zinaanza kukuzoea.

Lakini kwetu Waluo nyatiti ni ala ya wanaume. Basi nilipoenda kuiazima nilimwambia babu kwamba mpigaji atakuwa binamu yangu, mvulana, ambaye yuko kundini mwetu. Babu alifurahi. Aliipangusa vumbi kwa mkono wake, akanifungia pamoja na gara, zile njuga za kuvaa mguuni, na oduong'o, kile chuma cha kidole gumba cha mguu kinachogongwa kwenye ala. Shangazi, binamu yangu hajui hata kuishika nyatiti. Nilikuwa najua hivyo wakati nasema.

Sauti tulirekodi kwanza, chumbani kwetu, tumetundika mablanketi dirishani na mlangoni. Kisha tukaenda ufuo wa Dunga kupiga picha, sauti ikicheza kwenye spika ndogo nami nikiifuata kwa vidole. Pale ufuoni huwezi kurekodi sauti, upepo wa ziwa unakuachia mvumo mtupu. Tulianza saa 12 na nusu asubuhi, maana jua la Kisumu likishafika utosini, macho ya mtu kwenye kamera yanageuka mashimo. Siku ya pili tulikuta upepo umelisukuma gugumaji usiku kucha, maji hayaonekani, mashua zimekwama. Wavuvi walikuwa wakilalamika. Sisi tulishangilia kimoyomoyo, kwani ndiyo picha tuliyokuwa tukiitafuta, na hadi leo naona aibu kidogo.

Kipande kinachopendwa na kila mtu ni changu. Nimekaa kigodani, gugumaji limetanda nyuma yangu, kamera inaanza mguuni panapogongwa, inapanda taratibu mpaka vidoleni bila kukatwa popote. Sekunde 40.

Binamu ndiye aliyemwonyesha babu. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa akijivunia tu. Anasema babu alitazama mara mbili, na mara ya pili alifumba macho. Hakufoka. Alisema nyatiti yake iondolewe kwenye hiyo filamu, au msichana aondolewe, na ala irudi nyumbani. Baba alipompigia simu kunitetea, alimkumbusha yule Mjapani, Eriko Mukoyama tunayemwita Anyango, aliyekuja kujifunza nyatiti huku kwetu hadi akajulikana kwayo. Babu akamjibu, "Yule mgeni aliomba, akafundishwa. Huyu wangu alimwomba nani?"

Neno hilo limeninyima usingizi. Sijui babu amekasirishwa na usichana wangu au na uongo wangu. Kama ni usichana, nina mengi ya kusema. Kama ni uongo, sina hata moja.

Wenzangu wao wanafikiria alama, na siwalaumu. Wanataka binamu aketi kigodani ajifanye anapiga, huku sauti ikibaki yangu. Tumejaribu. Anakwaruza nyuzi pale zilipotulia, na zinapolia yeye anatazama kamera. Anayehariri anasema hilo si tatizo: binamu ataonyeshwa kwa mbali na kwa mgongo, halafu vidole vikikaribiwa tutumie vyangu, kwani nani atajua ni vya nani? Mimi nitajua. Na baba alishamwalika babu siku ya wazazi, kwa hiyo naye atakuwa amekaa pale mbele akivitazama. Isitoshe, mwishoni lazima tuandike nani alifanya nini, na mwalimu anampa kila mmoja alama kwa kazi yake. Mbele ya neno "nyatiti" tutaandika jina la nani? Nilianza kwa kumdanganya babu, sasa naombwa nimalizie kwa mwalimu.

Kuitoa nyatiti kabisa pia nimewaza. Mmoja wetu anaweza kupiga orutu, ile fidla ya Kiluo ya uzi mmoja, ila wimbo wote tuliujenga juu ya ile midundo ya mguu, na tungelazimika kurekodi sauti upya na kurudi Dunga, ambako gugumaji halitungoji.

Jumamosi naenda Alego kurudisha nyatiti. Baba amesema niende peke yangu. Nimepanga kuomba msamaha kwa uongo, hilo halina mjadala. Ninachokuuliza, Shangazi, ni hiki: nibebe simu yenye video, au niende mikono mitupu? Nikiomba msamaha na ruhusa kwa kikao kimoja, naogopa ataona msamaha ni wa kununulia ruhusa. Nikiacha ruhusa kwa siku nyingine, Ijumaa itafika kabla sijarudi. Na akikataa, je, nimwachie binamu vidole vyangu?

Nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi.

Mpiga nyatiti wa nyuma ya nyumba,
Kisumu