Kabla Hujamwona Samaki: Kwa Nini Nahodha Wetu Alikwambia ni Taa, si Chewa

Msimu huu wa kaskazi tumepokea lalamiko lile lile kutoka kwa wateja watatu, na la mwisho lilikuja kwa maneno makali kiasi kwamba nimeona si haki kulijibu faraghani tu. Mteja huyo alikodi boti yetu hapa Shimoni kwa siku nzima pamoja na wenzake wanne, akanasa kitu kizito kwenye kina cha pima 40 nje ya mwamba, akavutana nacho kwa zaidi ya saa nzima, na nahodha wetu akamwambia kwamba huyo ni taa, yule samaki bapa mwenye mabawa na mwiba mkiani, na kwamba ni heri amwachie. Mteja hakukubali. Aliamini ana chewa mkubwa, akaikaza breki ya rili, yaani ya kile kigurudumu cha fimbo kinachokunja uzi, kwa mkono wake mwenyewe, na uzi ukakatika. Baadaye akawaeleza watu kwamba nahodha alitaka kuwahi kurudi ili mafuta yasalie, na kwamba kumtaja samaki ambaye hakuna aliyemwona ni kupiga ramli.

Nahodha wetu hapigi ramli. Kila samaki ana namna yake ya kuvuta, na mtu aliyevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni huijua namna hiyo kama unavyomjua mtu wa nyumbani kwako kwa mlio wa hatua zake kabla hajagonga mlango.

Chukua chewa, kwa kuwa ndiye aliyetugombanisha. Chewa hula karibu na pango lake, na akishameza chambo hugeuka papo hapo kurudi ndani. Vita vyake vikubwa viko katika sekunde kumi za mwanzo, ambapo fimbo huinama ghafla kuelekea majini na mvuvi asipokuwa tayari humpoteza. Ukifaulu kumnyanyua pima tatu au nne kutoka chini, kinachobaki ni uzito, na katikati ya uzito huo utasikia kichwa kikitikiswa kwa mapigo mazito yanayoachana. Kadiri anavyopanda, hewa iliyo katika kibofu chake hutanuka na kumlegeza, hata akafika juu tumbo limevimba na mara nyingine tumbo la ndani limetokeza mdomoni. Ikiwa amewahi kuingia pangoni, hutasikia mwendo wowote isipokuwa uzi ukikwaruza jiwe. Lakini chewa anayepanda na kushuka kwa saa nzima, akiwa na nguvu ile ile aliyoanza nayo, sisi hatujawahi kumwona.

Taa hana kibofu cha hewa, kwa hiyo kupandishwa hakumchoshi kwa njia hiyo. Hujilaza mchangani na kujibana chini, na mtu asiyemzoea hudhani ndoana imenasa kwenye mwamba. Kisha mwamba huo huanza kuondoka. Ukimnyanyua, mabawa yake huupeleka uzi juu na chini kwa mawimbi marefu ya polepole, na ikiwa mkondo umekaza humbeba kama unavyobeba tanga lililoanguka majini, ndiyo maana taa wa wastani huonekana mzito kuliko alivyo. Akipumzika hurudi chini na kulala tena. Samaki wa mteja wetu alifanya hivyo mara tatu: alipanda kama pima kumi, akatulia, akashuka, akalala.

Mabaharia wetu wana neno moja kwa hali hiyo. Husema, “Huyu hana kichwa.” Maana yake ni kwamba katika uzito wote ule hakuna pigo hata moja la kichwa linalofika kwenye kidole.

Mwaka juzi tulimpakia Mkenya anayeishi Marekani, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akienda Alaska kuvua halibati. Huyo ni samaki bapa wa bahari za baridi, wa jamaa moja na gayogayo wetu ila ni mkubwa ajabu: mwaka 1996, katika bandari ya Dutch Harbor, Alaska, alipatikana mmoja wa kilo 208. Mkenya huyo alitueleza kwamba huko nako wateja hubishana na manahodha juu ya jambo hili hili. Halibati hupandishwa kama unavyonyanyua ubao wa mlango kutoka chini ya maji, mzito na mtulivu, lakini kila baada ya muda hutikisa kichwa kwa mapigo yanayoshuka mpaka kwenye kiwiko cha mvuvi, na akifika karibu na boti hugeuka na kuzama moja kwa moja mpaka chini. Taa wa kule naye hupanda kama mzigo tu, bila mapigo na bila kuzama kwa ghafla, na mgeni hupiga kelele kwamba amepata halibati wa maisha yake. Siku hiyo yeye mwenyewe alinasa kitu chini, akavuta kidogo, akasema kwa sauti ya kukata tamaa kwamba huyu hana kichwa. Nahodha wetu, ambaye Alaska hajawahi kuiona hata kwenye picha, alikuwa amenong'ona maneno hayo hayo kwa baharia dakika mbili kabla yake. Tulimleta mpaka ubavuni mwa boti, akawa taa kweli, na tukaukata uzi karibu na ndoana kwa sababu mwiba wa mkia wake una sumu na hatumpandishi boti iliyojaa watu.

Wengine hawana ubishi mwingi. Jodari huzama wima na baadaye huzunguka chini ya boti kwa duara lisilokoma, na ncha ya fimbo hudundadunda kwa kasi kama moyo wa mtu aliyekimbia. Hakubali kushindwa mpaka anakufa. Kolekole hukimbia kuufuata mwamba akiulaza mwili ubavu, na hata akifika ubavuni mwa boti bado ana mbio moja zaidi. Nguru huondoka kwa mbio ndefu karibu na uso wa maji kisha huchoka mara moja, na bila kipande cha waya meno yake huumaliza mchezo mapema. Mzia huanza kwa kishindo na humalizika kama kuni. Papa huja kuelekea boti mpaka uzi unalegea na mteja anasema ameponyoka, kisha huondoka tena, na katika uzi utasikia mkwaruzo wa ngozi yake au wa mkia unaougusa kila anapogeuka.

Haya yote husomwa kwa kidole. Nahodha wetu huupitisha uzi juu ya kidole cha shahada na kuubana kidogo kwa gumba mbele ya rili, hutazama pembeni asiione fimbo, na husubiri mapigo matatu au manne kabla ya kusema neno. Ami yangu aliyenifundisha kazi hii alikuwa na kovu jeupe kwenye kidole hicho, la kina kama uzi wenyewe, alilolipata akivua kwa mshipi katika ngalawa. Ndiyo sababu pia tunatumia uzi wa kusuka kwa uvuvi wa chini ijapokuwa bei yake ni kubwa kuliko ya nailoni ya kawaida: nailoni hunyumbuka, na kwenye pima 40 hulimeza pigo la kichwa kabla halijakufikia.

Sasa nije kwenye kosa linalotugharimu sote, nalo ni kukaza breki. Mteja akichoka huona njia ya mkato iko pale kwenye rili, akaizungusha ili samaki asichukue uzi tena. Sisi hupima breki asubuhi kwa mizani, na huiweka kwenye theluthi moja ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 24 tunauwekea breki ya kilo 8. Watu hudhani tumeacha nguvu nyingi bure. Lakini samaki akivuta uzi mwingi, duara la uzi uliobaki kwenye rili hupungua, na likibaki nusu ya kipenyo chake cha mwanzo, breki ile ile ambayo hakuna aliyeigusa huwa inavuta kwa nguvu maradufu. Kilo 8 zimeshakuwa 16. Ongeza mkondo, ongeza fundo ambalo siku zote ni dhaifu kuliko uzi wenyewe, halafu ongeza mkono wa mteja mwenye hasira. Mteja wetu alitupotezea zaidi ya mita 200 za uzi wa kusuka na akauvunja mpini wa fimbo, na tulipomtoza vitu hivyo ndipo alipoanza kusema ameibiwa. Zaidi ya gharama, breki iliyokazwa huua habari: uzi uliovutwa mpaka mwisho hauleti tena pigo lolote, na nahodha hawezi kukwambia kitu.

Kuhusu bei yetu ya siku nzima, ambayo wengine huilinganisha na ya boti za kuzungusha watalii, naomba ieleweke kwamba hatuvui ndani ya Hifadhi ya Kisite, ambako kuvua ni marufuku, na hivyo ni lazima tutoke mpaka Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya kisiwa cha Pemba na bara. Mafuta ya safari hiyo tunayalipia uwe umenasa chewa, taa au jiwe. Nahodha kumwambia mteja aachie taa hakupunguzi hata lita moja, kwa sababu boti hubaki baharini mpaka saa mlizolipia ziishe. Siku ile tulirudi saa kumi na moja jioni kama tulivyopatana. Nahodha alichokuwa akimwokolea mteja ni muda wake.

Tunakosea? Ndiyo, hasa pale ndoana inapoingia ubavuni au mkiani badala ya mdomoni, kwa kuwa samaki wa namna hiyo huvuta kwa upana na huonekana mara mbili ya alivyo. Kolekole mmoja aliyenaswa karibu na mkia alitufanya tuape kwamba ni papa. Kwa sababu hiyo nahodha hutoa rai tu, na uamuzi wa kuendelea kuvuta ni wa mteja aliyeshika fimbo, kwa muda wowote anaotaka ndani ya saa zake. Breki peke yake ndiyo isiyoguswa bila ruhusa, na kuanzia sasa jambo hilo litaandikwa kwenye karatasi ya makubaliano ambayo kila mteja huisaini kabla ya kupanda.

Yule bwana nimemwandikia. Kusi likipungua mwezi wa Agosti, nafasi yake kwenye boti ipo kwa nusu ya bei, na nahodha ameahidi kumpa uzi aushike kwa kidole chake mwenyewe kuanzia samaki wa kwanza.