Dakika 74 Zinatosha

Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Mama mguu unampa nafuu, ameanza kutembea hadi kwa jirani na kurudi, na anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata. Umesema umeiona Duel, ile filamu ya bwana Mann anayeandamwa barabarani na lori bila kujua kwa nini, umeipenda kiasi, lakini umechoka katikati, na huoni sababu ya watu kuisifu zaidi ya miaka hamsini filamu iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni. Nimeona nikujibu kwa urefu, kwa sababu filamu hii naipenda kwa dhati na nadhani umeonyeshwa siyo.

Niambie kwanza: uliyoiona ina ile sehemu ya lori kulisukuma gari kuelekea garimoshi linalopita? Ina basi la wanafunzi lililokwama? Ina Mann akimpigia mkewe simu na kuombana radhi kwa ugomvi wa jana usiku? Kama ndiyo, basi umeona ile ya dakika 90 iliyopelekwa kwenye majumba ya sinema nje ya Marekani. Waliokaa sebuleni kwao Jumamosi ya tarehe 13 Novemba 1971, televisheni ya ABC ya Marekani ilipoirusha kwa mara ya kwanza, hawakuyaona hayo. Yao ilikuwa ya dakika 74. Sehemu hizo zilipigwa baadaye, kwa sababu filamu ya sinema ilitakiwa iwe ndefu zaidi.

Na hapo ndipo ulipochoka, sina shaka. Ile simu kwa mkewe inaeleza mno. Tunaambiwa huyu bwana alishindwa kumtetea mkewe kwenye sherehe, kwa hiyo barabarani anatafuta uanaume wake. Nani alikuwa anahitaji kuambiwa? Katika ile fupi Mann ni mtu yeyote mwenye miadi ya kazi na gari dogo. Ndiyo maana inatisha. Garimoshi nalo ni tishio tulilokwisha kuliona, limekuja na sura nyingine. Basi la wanafunzi nalitetea kidogo, maana lori linapolisukuma basi kwa upole unagundua kwamba dereva hana chuki na watu wote, ana chuki na huyu mmoja. Hata hivyo hilo nalo nilikuwa nimelihisi bila kuonyeshwa.

Chanzo chake ni cha kweli. Mwandishi Richard Matheson alikuwa akicheza gofu na mwenzake tarehe 22 Novemba 1963, ikaja habari kwamba Rais Kennedy ameuawa. Wakaacha mchezo, wakashika njia ya nyumbani wakiwa na majonzi, na njiani lori likawaandama kwa nyuma hadi wakalazimika kutoka barabarani. Alikaa na jambo hilo miaka, kisha akaliandikia hadithi fupi iliyochapishwa Aprili 1971. Mwaka huohuo aliigeuza mwenyewe kuwa muswada wa filamu, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa imekwisha rushwa hewani.

Muongozaji alikuwa Steven Spielberg, kijana wa miaka 24 aliyekuwa akiongoza vipindi vya mfululizo tu. Fedha zilikuwa kama dola 450,000, na upigaji picha ulichukua wiki mbili hivi. Studio ilitaka sehemu za ndani ya gari zipigwe studioni, barabara ionekane nyuma kwa picha ya kuakisiwa. Alikataa. Alitaka barabara yenyewe, kule kwenye milima mikavu kaskazini ya Los Angeles. Akachora ramani ya safari nzima, akaizungushia kwenye kuta za chumba cha hoteli, na kamera akazipanga pembezoni mwa barabara, lori likipita mara moja anapata picha kadhaa. Mtu mwenye miezi sita na fedha za kumwaga asingelazimika kufikiri hivyo. Hili ndilo ninalotaka ulione, shoga: mbio za filamu hii zimetokana na haraka ya kuitengeneza.

Halafu lori! Walimpangia malori kadhaa achague, akachukua Peterbilt ya mwaka 1955 kwa sababu ilikuwa na sura: pua ndefu, na kioo cha mbele kilichogawanyika kama macho mawili. Wakalipaka uchafu, oili na wadudu waliokufa. Gari la Mann, Plymouth Valiant, lilikuwa jekundu ili lionekane vizuri kwenye jangwa. Aliyeliendesha lori ni Carey Loftin, fundi mkongwe wa michezo ya hatari ya magari, na uso wa dereva huyo hatuonyeshwi hata mara moja waziwazi. Tunaona mkono na buti basi.

Ule mkono! Unakumbuka anavyoutoa dirishani kumpungia Mann apite, na Mann akatoka, na mbele kuna gari linakuja? Mimi hapo moyo hunipasuka kila ninapoitazama. Sisi tunaosafiri Chalinze hadi Segera tunajua dereva wa lori anavyokuwashia indiketa kukuambia njia nyeupe, nawe unapita bila kuona mbele, umemkabidhi roho yako mtu usiyemjua. Filamu yote imesimama juu ya imani hiyo kuvunjwa. Muulize shemeji, yeye aliyeendesha masemi miaka yote ile, uone atakavyokaa kimya kwanza.

Mwambie pia aangalie ule mpira wa rejeta. Mwanzoni kabisa kijana wa kituo cha mafuta anamwambia Mann kwamba unahitaji kubadilishwa, naye anapuuza akidhani anatafutiwa hela. Jambo dogo, limesemwa mara moja likapita. Baadaye, kwenye mlima, ukijua lori liko nyuma na mshale wa joto unapanda, utatamani kushuka ukasukume mwenyewe.

Kuhusu mapokezi, kwao Marekani ilipata Emmy, tuzo ya televisheni, kwa uhariri wa sauti, na ilistahili, kwa sababu lile lori linazungumza kwa injini na honi kuliko Dennis Weaver, aliyemwigiza Mann, anavyozungumza kwa kinywa. Ulaya ndiko ilikopandishwa daraja. Uingereza, Dilys Powell wa Sunday Times aliitetea kwa nguvu. Ufaransa ilipewa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Avoriaz mwaka 1973. Na Spielberg mwenyewe amesimulia kwamba Roma waandishi walimbana akiri kuwa lori ni mapambano ya matabaka, alipokataa baadhi yao wakatoka nje. Naamini alifanya vema kukataa. Lori likishapewa maana moja linaacha kukufuata hadi nyumbani.

Umeniuliza pia kwa nini lori halilipuki mwishoni, ilhali ni la kubeba mafuta. Wakubwa wa televisheni walitaka lilipuke, wakasisitiza, lakini Spielberg akashikilia msimamo wake. Alitaka life polepole: linaporomoka katika vumbi, linalia kama mnyama, halafu oili inachuruzika ndani ya kichwa chake. Mlio ule aliupenda hata akauweka tena katika filamu yake Jaws mwaka 1975, papa anapozama. Mlipuko ungekwisha kwa sekunde tatu, tukaenda kulala.

Basi nakuomba uitafute ile ya dakika 74. Itazame usiku watoto wakishalala, sauti ukiifungulia vizuri, na mkae wote wawili. Kisha uniandikie shemeji amesemaje kuhusu ule mkono, na kama yeye naye angemtambua dereva kwa buti pale mkahawani Mann anapomtafuta, maana mimi kila mara namshuku yuleyule anayekula sandwichi, ingawa najua siye.

Nitakutumia dagaa kwa basi Ijumaa. Mpokee mapema kituoni, wasije wakazurura nao juani.

Wasalaam,
Shoga yako Mwanahamisi