Risala ya Wanafunzi wa Uchongaji kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Bwana Prefe, mkuu wa shule yetu, walimu wetu, Baba na Mama wazazi,

Karibuni sana. Tumeonywa kwamba risala isichoshe, kwa hiyo shukrani tunazitoa mapema: asante kwa kuacha kazi zako na kuja kutazama vyuma vyetu.

Mwaka huu tumejifunza kazi za Edoardo Tresoldi, mchongaji wa Italia aliyezaliwa mwaka 1987. Mwaka 2016, huko Siponto, kusini mwa nchi yake, alisimamisha tena basilika ya Wakristo wa kale iliyokuwa imebaki misingi tu. Jiwe hakutumia, wala saruji. Kuta, nguzo na matao yote ni wavu wa waya, hadi kimo cha mita 14. Ukisimama ndani unaona mawingu, na kupitia ukutani unaona lile kanisa la mawe la Zama za Kati lililo jirani. Mvua inaingia, ndege nao wanaingia.

Tulipotaka nasi kujenga kwa wavu wa waya, wengine wetu walibisha. Mheshimiwa, sisi ni watoto wa mji wa shaba. Wazee wetu walitengeneza misalaba ya shaba ikawa pesa yao. Leo malori ya shaba yanaelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kila mtu anauliza ni tani ngapi. Mzazi mmoja alipoona kazi yetu aliuliza matundu haya yatauzwa kilo kwa bei gani. Swali la haki kabisa, na jibu hatuna hadi leo. Tunachojua ni kwamba kukata waya kulitushinda kidogo tu. Kuamua mahali pa kuacha wazi ndiko kulikotugombanisha. Tao letu la kwanza lilijaa waya hadi likawa kibanda cha kuku.

Uani utaona mlango na ubavu mmoja wa Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo la mji wetu, kwa wavu wa waya na kwa kimo cha mtu mzima. Ndani hatukuweka altare wala benchi. Mzee anayefagia huvua kofia akiingia humo, na hakuna aliyemwagiza.

Maombi yetu ni mawili. Kwanza, nyavu za waya, maana zimekwisha. Pili, tumesikia kwamba ua huo utajengwa vibanda vya kupangisha. Tafadhali utusemee kwa Bwana Prefe, aliyeketi kando yako na anatusikia vizuri, auache wazi angalau upande wa magharibi, jua la jioni lipite katika kazi.

Sasa tunakukaribisha uani.

Ni sisi,
Wanafunzi wa kikundi cha uchongaji