Barua ya wazi kwa wanachuo wapya wa Mtwara: jisajilini wenyewe

Wajukuu zangu mliopanga Chuno, Ligula, Magomeni na kwingineko hapa Mtwara mjini,

Salaam. Baadhi yenu mnanijua kama bibi mwenye nyumba, yule anayezima pampu ya maji saa tatu usiku. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu kwa miaka 33, na katikati ya miaka hiyo nilikwenda chuo kikuu nikiwa mtu mzima, nina watoto wanne na miwani. Nawaandikia kwa sababu juma lililopita nilimkuta mpangaji wangu mmoja amekaa kwenye ngazi usiku, simu mkononi, analia. Matokeo yametoka na kozi moja haimo. Aliisoma semista nzima. Majaribio alifanya, na alama zake mwalimu anazo. Ila kwenye mfumo wa chuo jina lake halikuwahi kuwamo katika kozi ile, na badala yake imekaa kozi nyingine ambayo hata mlango wa darasa lake haujui, imeandikwa kwamba hakufanya mtihani.

Nikamuuliza, nani alikusajili? Kijana wa steshenari, bibi. Kwa buku mbili. Alimpa neno lake la siri, akaenda kunywa chai, kijana akabofya kozi zilezile alizombofyia mteja aliyetangulia.

Mjukuu huyu si mjinga. Kidato cha sita alifaulu vizuri kuliko mtoto wangu yeyote. Mimi ni mzaliwa wa Newala, na kule mwari hatoki ndani kabla hajafundwa. Kungwi haoni haya kumweleza jambo dogo kabisa, kwa kuwa dogo ndilo litakalomwaibisha ukweni. Ninyi mmeingizwa chuo bila kuchezwa. Mlikusanywa ukumbini, mkasomewa kanuni kwa spika inayokoroma, mkapewa kijitabu, mkaenda kununua ndoo na godoro. Basi leo acheni niwe kungwi wenu, na wavulana mnivumilie.

Nianze na krediti, maana mnalitaja neno hili kila siku na nikiuliza ni nini mnatazamana. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Humo kuna mihadhara, semina, maabara, kazi za kuandika, na ule usiku unaosoma peke yako mbu wakikuimbia. Kozi ya krediti 12 inakudai saa 120. Shahada ya miaka mitatu inataka krediti zisizopungua 360, yaani 120 kila mwaka. Sasa pigeni hesabu: krediti 60 katika semista ya wiki 15 ni saa 40 kwa wiki. Hiyo ni ajira kamili. Anayeniambia Jumatano "leo sina chuo, bibi" kwa sababu ratiba haina kipindi, namwitikia tu, lakini moyoni nacheka.

Wenye wazazi Tandahimba, Masasi au Nachingwea mtanielewa upesi zaidi, maana mmekulia kwenye stakabadhi ghalani, ambayo huku kwetu ilianza kwenye korosho mwaka 2007. Mzee wako anapeleka magunia chama cha msingi, yanapimwa, korosho zinatazamwa daraja, anaandikiwa karatasi. Mnada ukishapita, fedha inaifuata karatasi. Gunia aliloliegemeza ukutani bila kupitishwa kwenye mizani, hata korosho zake ziwe zimekauka kuliko zote ghalani, halina mwenyewe. Mjukuu wangu wa kwenye ngazi alivuna, akabeba, akafikisha mpaka ghalani. Mizani ndiyo aliyomwachia mtu mwingine.

Uzito huohuo wa krediti ndio unaofanya GPA, yaani wastani wa pointi zako, iende inavyokwenda. Kwa kipimo kinachotumiwa na vyuo vingi nchini, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Watoto wengi wanajumlisha pointi na kugawa kwa idadi ya kozi, wanapata namba ya kujifurahisha. Sivyo. Kila pointi inazidishwa kwanza kwa krediti za kozi yake, ndipo jumla igawanywe kwa krediti zote. Chukua kozi mbili, moja ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata A kwenye ile ya 8 na B kwenye ile ya 12, unakwenda na 3.8. Geuza, A iwe kwenye ya 12 na B kwenye ya 8, unakwenda na 4.2. Alama ni zilezile mbili! Nimewaona watu wakikesha kwa kozi ndogo kwa kuwa mwalimu wake ni mkali, huku kozi nzito imelala.

Najua machungu haya kwa sababu yalinikuta. Nilipokuwa chuoni, usajili ulikuwa wa fomu za karatasi. Kozi mbili za hiari ziligongana kwenye ratiba, nikaona nihame moja. Nilikwenda darasa jipya, nikamwona mwalimu, akanipokea, akaniandika kwenye daftari lake la mahudhurio. Mimi mwalimu wa miaka mingi nikaamini daftari la mwalimu mwenzangu. Fomu ya kubadili kozi sikuipeleka ofisini. Niliiweka ndani ya Biblia ili isipotee, na kweli haikupotea, ninayo mpaka leo. Mwisho wa semista nikawa nimepata 71 katika kozi ambayo chuo hakikuitambua, na sifuri katika kozi niliyoikimbia. Karani akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, sisi humu hatukujui." Nilihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Kupanda daraja kukachelewa, na mshahara nao. Kwa miaka mingi nilimlaumu yule karani, lakini fomu ilikuwa kwangu.

Kwa hiyo: muda wa kuongeza na kuacha kozi upo, na kila chuo kina tarehe zake kwenye kalenda ya masomo. Ziandike ukutani kwa kalamu ya wino mzito (ukuta wangu nimeruhusu, mkihama mtapiga chokaa). Ndani ya muda huo kubadili kozi ni jambo la kawaida, hakuna atakayekununia. Ukipita, kozi uliyoiacha kimoyomoyo inabaki kwako na itakudai mtihani. Na usimwambie siaa (CR), yule mwakilishi wa darasa, "nisajilie na mimi". Ana watu mia. Kaa mwenyewe, fungua mfumo mwenyewe, linganisha kozi moja moja na orodha ya programu yako kwenye prospektasi, kile kitabu cha chuo chenye programu na kozi zake: zipi za lazima, zipi za hiari, ipi haifunguki mpaka uwe umefaulu iliyotangulia. Kisha chapisha karatasi au piga picha ya skrini siku hiyohiyo, tarehe ionekane. Steshenari nendeni kuchapisha. Hata mimi nawaunga mkono vijana wale, wana familia. Neno la siri lisivuke kaunta.

Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, nalo linapita mlango huohuo. Asiyesajiliwa chuoni hana pa kusaini, na asiye na pa kusaini ananiomba nisubiri kodi. Nasubiri, lakini si hadi Pasaka.

Habari za sapu, mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi, hazinihitaji niseme mengi, mtaambiana wenyewe. Ila jueni kwamba katika vyuo vingi, aliyefaulu kwa sapu anaandikiwa C hata kama ameandika kama malaika, na kwenye kozi ya krediti nyingi ile C inavuta kama nanga. Keri ni kozi uliyofeli inayokufuata mwaka mwingine na kugongana na ratiba yako mpya. Disko, yaani kuondolewa masomoni, ni neno baya, naliacha.

Jambo ambalo nataka mlishike kwa mikono miwili ni ugonjwa na safari. Mwaka juzi binti mmoja hapa alishikwa na malaria wiki ya mitihani. Alilala ndani siku tatu kwa dawa ya dukani na uji wangu. Alipopona akaenda chuoni kuomba afanye mtihani aliokosa, akaulizwa cheti cha daktari kiko wapi. Hakipo. Akaandikwa mtoro, na uji hautoi cheti. Kama mwili hauwezi, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula iko hapohapo: upimwe, uandikiwe, karatasi ifike chuoni kabla ya mtihani au mara tu baada yake, hata kwa mkono wa rafiki. Mtihani unaahirishwa kwa maombi. Mwaka mzima pia unaahirishwa kwa maombi, mkifiwa au mkikwama ada, na krediti ulizokwisha kuzipata zinabaki zako. Anayeondoka kimya anahesabiwa ametoroka.

Na barabara yetu mnaijua. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, njia ilikatika kule Somanga na waliokuwa Dar wakabaki Dar. Msirudi chuo siku ya mwisho ya usajili mkitegemea basi la usiku. Ukikwama, mwandikie mkuu wa idara yako ukiwa njiani, hapohapo kwenye foleni ya magari, wala usingoje kufika.

Kuna wawili walionijia faragha kwamba programu hawaitaki, wanataka kuhama chuo. Sawa. Kuhama kuna dirisha lake na kunapitia kwa TCU, na huko uendako watatazama kama ulikuwa na sifa za kuingia programu hiyo. Mpaka uwe umepewa jibu kwa maandishi, endelea na vipindi. Krediti unazopata sasa huenda ndizo utakazobeba.

Jumapili saa kumi jioni nitakuwa barazani. Kila mpangaji wangu wa mwaka wa kwanza aje na karatasi yake ya usajili na prospektasi, tulinganishe kozi kwa kozi kabla dirisha halijafungwa. Wa nyumba za jirani mnakaribishwa, mje na vikombe vyenu maana vyangu havitoshi. Nitachemsha mihogo. Na wewe wa chumba namba nne, kesho asubuhi saa mbili tunakwenda wote ofisini kwa msajili na yale majaribio yako. Vaa shati la mikono mirefu.

Wenu,
Bibi mwenye nyumba, mwalimu mstaafu
Chuno, Mtwara