Parshoki kupinda si kosa ya parshoki

Mhariri, jambo sana na kazi.

Mi niko msomaji wenu wa hapa Goma, naishi Katindo, na karibu kila mara naona humu watu wanalalamika juu ya barabara, mashimo, mawe. Sawa, ni kweli, mawe ya volkano ya 2002 tunayakanyaga mpaka leo. Lakini mara hii mniachie nafasi niongee juu ya matolie wetu, bale wa kutengeneza bodi za gari, juu miezi minne mizima parshoki (bampa) ya mbele ya gari yangu ilinizungusha kama mtoto na barabara haikuwa na kosa hata kidogo.

Chanzo ni chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Gari nilikuwa nimeisimamisha pembeni pale Majengo, Corolla ya volani kuume kama zetu nyingi za kutoka Japani, chukudu yenye magunia matatu ya makala (makaa) ikashuka, kijana akashindwa kuizuia, ikapiga kona ya kuume chini ya fari, ile taa kubwa ya mbele. Hakuna kioo iliyovunjika, kijana akasema "Muzee unisamehe", nikaona ni mkwaruzo tu nikamwacha aende. Kesho yake asubuhi njo nikaona: kati ya fari na parshoki upande wa kuume kidole inapita, kushoto hata ukucha hauingii. Mama watoto akasema gari inacheka upande mmoja.

Tolie wa kwanza (simtaji, watoto wetu wanasoma pamoja) akaisukuma na goti, ikalia ka!, ikaingia, dola 5. Kufika nyumbani imeshatoka. Nikarudi, akatoboa eli (ile bodi ya juu ya tairi ya mbele) na mashini akatia vizi (skrubu) ya mabati, ile ya kupigilia paa la nyumba. Mara ya tatu narudi plastiki imeanza kupasuka palepale vizi inapitia, basi akaishona na waya kama mtu anashona suruali ya shule, kisha akanambia parshoki yenyewe njo imepinda, ninunue ingine. Dola 80, okazioni (yenye ilishatumika), bila rangi.

Hapo nikampelekea kijana mmoja upande wa Ndosho, hana hata garaji, iko na turubai na sanduku ya makle (spana). Huyu hakugusa parshoki. Alifungua kapo (boneti), akaangalia nafasi kati ya kapo na fari, kati ya kapo na eli, akakata kartoni ya biskuti akaikunja akawa anaipitisha kuume, anaipitisha kushoto, juu anasema kama fari ao eli imesogea parshoki haiwezi kukaa hata uifunge na mnyororo. Vyote vilikuwa sawa. Akatoa klipsi za juu karibu na radiatere, akageuza matairi akatoa vizi za ndani ya eli, kisha za chini, akaivuta pembe moja polepole, juu mle nyuma kuna waya za taa ndogo za ukungu na wengi wanazikata kwa haraka zao. Parshoki ikalala chini kwenye gunia.

"Muzee, kuya uone." Ndani mule chini ya fari kuna kipande cha plastiki nyeusi, urefu kama kiganja, kimefungwa kwa eli, kiko na meno ya kukamata mdomo wa parshoki. Wao wanaita suporti. Ya kushoto ilikuwa na meno yote. Ya kuume limebaki jino moja na lenyewe limelala. Njo ile tu! Mi siku zote nilidhani parshoki ni kitu cha nguvu, kumbe kwa gari za siku hizi ni ngozi, inaning'inia tu, nguvu iko kwa chuma yenye kulala nyuma yake kutoka upande huu mpaka ule, na kama ni ile chuma imepinda unaweza kubadilisha suporti mpaka uchoke. Yangu aliipima na kamba kona kwa kona, haikuwa imesogea.

Suporti nikaipata Birere, okazioni, dola 4. (Mujue kuna ya kuume na ya kushoto, haziingiliane, mi waliniuzia ya kushoto nikarudia njia yote na moto.) Akaifunga, akapachika parshoki, lakini hakukaza. Namuuliza, anasema ukikaza upande moja kwanza kosa unaipeleka tu upande ule mwingine, lazima yote ikae wazi, uanze katikati, upitishe kartoni huku na huku, njo ukaze kidogo kidogo. Pale plastiki ilikuwa imefanya mawimbi juu ya kuvutwa na ile vizi alimwagia maji moto ya birika, ikalainika, akaishika na kitambaa mpaka ikapoa. Maji ya chai, mhariri! Kazi yote dola 10.

Mi sikatai kushona. Parshoki ikipasuka katikati na pesa hakuna, shona utembee, nani hajatembea nayo hapa Goma. Chenye nakataa ni kutoboa eli nzima ya mtu mbele ya kufungua kitu na kuangalia. Nyinyi wenye magari, mwambieni tolie afungue kwanza mkiwa mmesimama pale, na kile kipande kilichovunjika awape mkononi. Akikataa, mchukue gari yenu muende.

Kwangu kimebaki shimo ya ile vizi kwenye eli. Mvua imeshaitia kutu, kila asubuhi tone la rangi ya chai linashuka mpaka kwa tairi. Tolie mmoja anataka dola 60 juu eti lazima apake eli yote. Kama kuna msomaji mwenye kujua mtu wa kuziba shimo kadogo kama punje ya mahindi bila kupaka eli yote, aandike humu humu, nitasoma.

Shofere wa Katindo, Goma