Zile engo zako za tuisheni

Oya kaka,

Vipi hali, nyumbani wazima? Picha za homework nimeziona zote, ile ya mwisho imekatika kwa chini ila nimeotea kilichobaki. Halafu hongera bana kwa kurisiti, watu wakishaona F ya hesabu wanasema basi tena, we unatoka job umechoka unaenda kukaa benchi moja na madogo wa tuisheni, mi hiyo naiheshimu.

Sasa tuje kwenye engo. Nimeona kitu kimoja kinajirudia kwenye daftari lako, ukiona x tu unakimbilia fomula. Jometri haiendi hivyo. Chora upya mchoro, mkubwa, sio vile vidogo vya pembeni ya karatasi, halafu andika juu yake kila unachokijua hata kama hakijaulizwa, mara nyingi x inajitokeza yenyewe kabla hujakumbuka hata jina la fomula.

Chukua lile la pembetatu ABC, AB = AC, engo A ni nyuzi 40, mstari BC umeendelezwa mpaka D, wanataka engo ACD. Umeandika "data hazitoshi" nikacheka sana. Zinatosha kaka! Hiyo AB = AC hawajaiweka kama pambo, inakwambia engo B na engo C zinalingana. 180 toa 40 inabaki 140, gawa kwa mbili, kila moja 70, na BCD ni mstari ulionyooka kwahiyo ACD ni 180 toa 70 = 110. Kama huamini, engo ya nje ni sawa na jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo, 40 na 70, hiyohiyo 110.

La duara ndo tamu zaidi kwa sababu pale wamekuficha. O ni kitovu, A, B na C ziko kwenye duara, engo OAB ni 35, tafuta ACB. Hakuna mahali wamesema pande zipi zinalingana, ila OA na OB zote ni nusu kipenyo, zitaachaje kulingana? Basi OBA nayo 35, AOB ni 110, na engo ya kitovuni ni mara mbili ya ile ya kwenye duara inayokalia tao hilohilo, yaani kipande hichohicho cha duara kati ya A na B, jibu 55. Lakini angalia C iko wapi, kwenye mchoro wako iko juu upande mmoja na O, ingekuwa huku chini kwenye tao dogo jibu lingekuwa 125. So kwenye swali lolote la duara, kabla hujafanya chochote tafuta nusu kipenyo zote, zinazaa pembetatu pacha, zenye pande mbili sawa, ambazo hukuambiwa zipo.

Na usiamini macho. Engo inaonekana 90 lakini kama hawajaweka kile kijikona cha mraba wala kusema, sio 90. Michoro mingi haijachorwa kwa skeli, wanakutega.

Lile la pembetatu yenye engo 2x + 10, 3x - 5 na x + 25 umepata x = 25, safi kabisa, halafu ukapigia mstari ukaondoka. Waliuliza engo kubwa kuliko zote bwana, ni 70! Maksi zinapotea kizembe hivyo.

Pande sasa. Ngazi mita 6.5 imeegemea ukuta, mguu wake uko mita 2.5 kutoka ukutani, inafika urefu gani? Ukajumlisha mraba wa zote mbili ukapata kama 6.96, yaani ngazi inafika juu kuliko urefu wake yenyewe. Ngazi ndo upande mrefu, imetazamana na pembe mraba (ile ya nyuzi 90), mraba wake ndo jumla ya miraba ya zile pande mbili nyingine, kwahiyo unatoa: 42.25 toa 6.25 ni 36, mita 6. Mafundi wa pale site kwenu wakitaka kona ya msingi ikae skwea wanapima 3 huku, 4 kule, wanahakikisha mshazari unasoma 5, ni kitu hichohicho na wengine hata hilo jina la Pythagoras hawajawahi kulisikia.

Ukiwa na pande mbili za pembetatu mraba tumia hiyo. Ukiwa na upande mmoja na engo moja ndo unaleta SOTOCA, kile kifupi cha kukumbukia sain, tanjenti na kosain. Mnazi uko mita 20 kutoka ulipo, engo ya kuangalia kileleni kutoka chini ni 30, unatafuta upande uliotazamana na engo na unajua ule wa chini, basi ni tanjenti, yaani uliotazamana gawa kwa wa chini, ya 30 ni 0.5774, kwahiyo 20 mara 0.5774, kama mita 11.5. Zoea kusoma kile kitabu cha majedwali kuanzia sasa, kwenye pepa la form four hakuna kalkuleta, usije ukaanza kutafuta tanjenti iko ukurasa gani muda unaenda.

La mwisho, pembetatu yenye pande 13, 13 na 10, sijakufanyia makusudi. Wanataka eneo na hamna pembe mraba popote, ila we dondosha mstari kutoka kileleni mpaka katikati ya ile 10 uone kinachotokea. Nitumie picha ya njia yote, sio jibu tupu, na safari hii usikate chini.

Msalimie shemeji.