Salamu za Diwali na Bandi Chhor: Mji Usio na Ghamu

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu, kina mama na vijana, hamjambo. Kwa niaba ya waimbaji na wapigaji wa jioni zetu za bhajani na kirtani, nyimbo za ibada za Wahindu na Masingasinga, tunawatakia Diwali njema, Bandi Chhor njema kwa Masingasinga, na Sal Mubarak, heri ya mwaka mpya, kwa wote watakaofungua daftari mpya. Taa ziwake, nyumba zijae wageni, wagonjwa wapone.

Mwaka haukuwa mwepesi. Samli imepanda, sukari imepanda, na ile sinia ya mithai iliyokuwa ikizunguka mtaa mzima sasa inahesabiwa vipande kabla ya kutoka jikoni. Na Diwali sasa tunaisherehekea bila Zakir Hussain, bingwa wa tabla, zile ngoma mbili za mkono, aliyefariki San Francisco tarehe 15 Desemba 2024. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba alipozaliwa, baba yake, Alla Rakha, alitarajiwa amsomee dua sikioni, naye akamnong'oneza mapigo ya tabla, akisema hizo ndizo dua zake. Mkono bado unakuwa mzito kumwandika "marehemu".

Kwa mwaka kama huu tunaomba uimbwe ule wimbo wa Ravidas, fundi wa ngozi wa Banaras, kuhusu Begampura. Umo katika Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, ukurasa wa 345, kwenye nyimbo za raga (mtindo wa sauti) iitwayo Gauri. Sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo. Be-gham: mji usio na ghamu. Humo hamna tashwishi ya kodi wala ya mali, hamna hofu, ufalme wake umesimama daima, na mji wenyewe ni mashuhuri. Mwisho mshairi anajitaja: "Ravidas khalas chamara", chamara likiwa jina la tabaka la mafundi wa ngozi. Khalas ni ile ile ya kwetu pwani, inayosemwa deni likishalipwa. Mtu wa tabaka lililowekwa nje ya hekalu anajiita aliyefunguliwa, na tabaka lake analitaja papo hapo bila kulificha. Halafu anaongeza kwamba yeyote aliye mwenyeji wa mji huo ndiye rafiki yake.

Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kufanya neno Begampura kiitikio kwa sababu ndilo linalojulikana. Kiitikio ni mstari wenye alama ya rahau, hata kama umeandikwa baada ya ubeti wa kwanza. Ni ule usemao sasa nimepata watani njema, yaani nchi ya kwetu, kheri iko huko siku zote, ndugu yangu. Anzeni nao, mara mbili au nne, ndipo mwingie ubeti wa kwanza, mrudi kwenye rahau, na hivyo hivyo kwa beti zote tatu. Ukianzia jina la mji, unautangaza mji ambao mwimbaji bado hajaufikia.

Sa, yaani sauti ya msingi ya wimbo, iwe ya watu waliopo ukumbini, si ya kiongozi peke yake. Wanaume wengi hustarehe karibu na kitufe cheusi cha kwanza cha harmoniamu, wanawake karibu na cha nne au cha tano. Penye mchanganyiko shukeni kidogo, la sivyo wimbo ukipanda nusu ya watu watanyamaza. Kwenye alapu, ambako tala (mzunguko wa mapigo) haijaingia na sauti iko huru, harmoniamu ishike Sa na Pa, sauti ya tano juu yake, tu. Chombo hicho hakiwezi kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine, na hiyo ni sababu moja All India Radio, redio ya taifa ya India, ilikipiga marufuku mwaka 1940, kikaja kulegezewa 1971. Najua masikio yaliyolelewa na taarabu ya Juma Bhalo yatataka harmoniamu ifuate kila neno. Mtuvumilie dakika tatu.

Tala ni keherwa, mapigo 8: dha ge na ti, na ka dhi na. Anzeni polepole kuliko mnavyodhani, maana makofi ya watu huikimbiza yenyewe. Na kwa kuwa Diwali huku pwani huangukia vuli, ngozi ya tabla hunyonya unyevu, ikalegea, sauti ikashuka katikati ya wimbo. Itoeni kwenye mfuko wake mapema izoee hewa ya ukumbi. Gongeni ukingo kwa nyundo kuelekea chini ili sauti ipande, kuelekea juu ili ishuke. Ukigonga upande mmoja, fuata wa mkabala, ama sivyo kila upande utaimba lake. Msiikaushe kwa moto wa diya, taa za Diwali. Ngozi itakaza kupita kiasi, mduara mweusi wa katikati utapasuka, na ukishapasuka dawa yake ni ngozi mpya, ambayo nayo bei yake haishikiki.

Ndugu zetu Masingasinga wanajua kwa nini wimbo huu unafaa usiku huu. Simulizi inasema Guru Hargobind, kiongozi wao wa sita, aliporuhusiwa kutoka ngome ya Gwalior alikofungwa alikataa kutoka peke yake, akashonewa joho lenye pindo 52, na wafalme 52 wakatoka naye, kila mmoja ameshika lake. Basi kina bhai mtakaofungua daftari mpya, kabla hamjaandika ukurasa wa kwanza, rudini kwenye ukurasa wa wadaiwa wa daftari la zamani. Dawa ya deni kulipa, hilo halina ubishi. Lakini yumo mjane, yumo fundi aliyekosa kazi, yumo kijana wa dukani aliyekopa mshahara kwa ajili ya hospitali. Kuna majina pale ambayo mwaka huu yanastahili kuandikwa khalas kwa wino, na yasitajwe mbele ya watu wala kuhesabiwa fadhila. Mwenye kusamehe na asamehe kabla ya kuwasha taa.

Tunawaombea afya, riziki na amani majumbani. Mithai zikiwa chache, zikatwe ndogo zaidi, sinia izunguke mtaa mzima.